Kashfa Inapokosa Jina

Mtoto wa Goma hukutana na neno skandali darasani, na hukutana nalo likiwa sifa. Mwalimu wa jiografia huandika ubaoni kwamba Kongo ni skandali ya kijiolojia, maneno yanayosemwa yalitoka kwa Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji aliyepita Katanga mwaka 1892 na kustaajabia wingi wa madini yaliyolala chini ya miguu yake. Shaba, kobalti, dhahabu, kasiteriti, koltani: watoto huikariri orodha hiyo kwa sauti moja, na mtihani ukifika huiandika tena. Sijawahi kusikia mwanafunzi akiuliza ni nani aliyeaibika katika skandali hiyo. Neno ambalo kwingine humvua kiongozi nguo, kwetu lilianza kwa kusifu udongo, na naamini mwanzo huo umetuletea hasara. Tulifundishwa kutazama ardhini, ilhali wenzetu wakilisikia neno hilo huwatazama wakubwa.

Kiswahili kina neno lake, kashfa, lililotoka Uarabuni, na ndani yake mna kufunua: kitu kilifunikwa, mtu akaja akakifunua. Magazeti ya Dar es Salaam hupenda pia sakata. Goma maneno hayo tunayasoma na kuyaelewa, ila mdomoni hatuna mazoea nayo. Pesa za barabara zikipotea, mtu wa Birere, mtaa wetu wa biashara, husema "bakubwa bamekula feza," kisha huendelea na kazi yake. Sentensi hiyo ina mtenda, ina kitendo, ina kilicholiwa. Haina mahali, haina siku, haina kiasi, na mkubwa mwenyewe hana jina. Ingeweza kusemwa enzi za Mobutu, inaweza kusemwa leo, na itakuwa kweli mara zote mbili. Ndiyo maana haimtishi mtu.

Nimekuwa nikiifikiria sentensi hiyo kwa sababu ya kipande cha neno la Kiingereza ambacho redio za kigeni zimetuletea hadi jikoni. Waliosikiliza habari za Kifaransa miaka ya themanini walisikia Irangate, silaha za Marekani zilizouzwa Iran kwa siri. Baadaye ikaja Angolagate, silaha zilizopelekwa Luanda wakati wa vita, na wakubwa wa Paris wakaburutwa mahakamani. Mwaka 2017 ikawa Penelopegate, mke wa mgombea urais wa Ufaransa aliyelipwa mshahara wa bunge kwa kazi ambayo haikuonekana. Mkia ni uleule, "gate", ambao majirani zetu wa Kenya na Tanzania wanautamka geti na kuutumia kila siku kwa lango la nyumba. Unachukua jina lolote, mtu, nchi, hata chakula, unabandika geti nyuma yake, na msikilizaji anajua papo hapo kwamba kuna mkubwa aliyefanya jambo la aibu na kujaribu kulificha.

Asili ya mkia huo ni jengo. Watergate ni majumba yaliyojengwa Washington miaka ya sitini, kando ya mto Potomac, na kampuni ya Kiitaliano, kwa michoro ya Luigi Moretti wa Roma. Tafsiri yake nyepesi ni lango la maji, na kuhusu chanzo cha jina wapo wanaoelekeza kwenye mfereji wa zamani wa Chesapeake na Ohio, ambao malango yake yalizuia na kuachia maji hapo karibu, na wapo wanaoelekeza kwenye ngazi za mawe zilizoshuka mtoni nyuma ya mnara wa Lincoln, ambazo ziliitwa hivyo hivyo. Palikuwa na mkahawa pia wenye jina hilo. Kwa vyovyote vile, lilikuwa jina la mahali, safi kabisa, la kuvutia wapangaji.

Usiku wa tarehe 17 Juni 1972, mlinzi wa majumba hayo, Frank Wills, kijana wa miaka 24 aliyelipwa dola 80 kwa juma, alikuta kipande cha utepe wa gundi kimebandikwa kwenye kitasa cha mlango wa chini ili usijifunge. Akakibandua. Alipopita tena akakuta kingine kimewekwa palepale. Akapiga simu polisi. Watu watano wakakamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic, wakiwa na vifaa vya kunasa mazungumzo. Miaka miwili na siku zisizotimia sitini baadaye, tarehe 9 Agosti 1974, Richard Nixon aliacha urais.

Napenda kusimama kwa Frank Wills kuliko kwa Nixon. Watu wakisimulia habari hii hukimbilia waandishi wa Washington Post, kanda za ikulu, majaji. Vyote hivyo vilikuja baada ya mtu mmoja wa mshahara mdogo kuona jambo lisilo la kawaida kwenye mlango, kuliona mara ya pili, na kuliandika kwenye daftari la zamu. Ukurasa wa daftari hilo umehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa la Marekani. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 2000 akiwa maskini, na umri wake haukufika sitini. Lakini saa aliyoiandika ipo, mahali papo, na jengo limebaki na jina ambalo haliwezi tena kusafishwa.

Kilicholipata jina hilo baadaye kinahuzunisha, na kinatuhusu. Mwaka 1973 jarida la vichekesho la National Lampoon lilitunga kashfa ya uongo ya Warusi na kuiita Volgagate. Kisha akaja William Safire, aliyekuwa mwandishi wa hotuba za Nixon kabla ya kupewa safu katika New York Times. Yeye ndiye aliyeueneza mkia huo kuliko mtu mwingine: Koreagate, Billygate, Lancegate, kila vurugu la kisiasa akalipachika geti. Baadaye alikiri kwamba huenda alikuwa anataka kupunguza uzito wa dhambi za bosi wake wa zamani. Tuitafakari hiyo. Mtu aliyekuwa karibu na mwenye hatia aligundua kwamba njia ya kulidhoofisha jina la aibu ni kuligawa kwa kila mtu, na kulikataza kusingefua dafu. Kila kitu kikiwa geti, Watergate yenyewe inakuwa geti moja kati ya mengi.

Kwa hiyo siombi Goma iukope mkia huo. Ninachokiona ni kwamba hata baada ya kuchakaa, bado unafanya kazi moja ambayo maneno yetu hayaifanyi: unalitenga tukio na mengine, unalipa mlango wake, unaliwekea siku.

Mfano ulionikaa kichwani ni Bridgegate. Septemba 2013, wasaidizi wa gavana wa New Jersey walifunga njia mbili kati ya tatu ambazo watu wa mji mdogo wa Fort Lee walizitumia kuingia kwenye daraja la George Washington. Magari yalikwama siku kadhaa, watoto walichelewa shule, ambulensi zilichelewa. Sababu ilikuwa kumwadhibu meya aliyekataa kumuunga mkono gavana. Mambo yakajulikana, magazeti yakalipa jina, watu wawili wakatiwa hatiani mwaka 2016. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu hizo, ikisema yalikuwa matumizi mabaya ya madaraka lakini hakuna pesa wala mali iliyochukuliwa. Barabara moja, siku zisizozidi juma, bila hata senti moja kuliwa, na nchi nzima inalikumbuka kwa jina.

Sasa njoo huku. Ondoka Goma kwa njia yoyote ya kuelekea mashambani na utakuta mwanzi umelazwa barabarani juu ya panda mbili za mti, jiwe limefungwa upande mmoja ili unyanyuke kirahisi. Mahali pengine ni kamba tu. Pembeni kuna hema la prelati, benchi, kijana mwenye radio call au asiye nayo. Motari, dereva wa pikipiki, amebeba mifuko miwili ya makala, yaani mkaa, na nyuma yake mama aliyeshikilia kuku kwa miguu.

"Mama, acha kitu."

"Mukubwa, bado sijauza."

"Utauza. Njia unaijua."

Noti ya franga inakunjwa mpaka iwe ndogo kama kidole, inapita kutoka kiganja hadi kiganja, mwanzi unanyanyuka. Hakuna aliyeinua sauti. Hakuna kilichofunikwa, kwa hiyo hakuna cha kufunua, na hapo ndipo neno kashfa linapotuponyoka. Mlango wa Washington ulibandikwa gundi usiku. Huu wetu uko wazi mchana, mwenye kuufungua ameketi kwenye benchi, na wanaopita wote ni mashahidi.

Mwaka 2017 kituo cha utafiti cha IPIS, pamoja na watafiti Wakongo, kilichapisha ramani ya vizuizi vya namna hii, bariere kama tunavyoviita, katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Walizikuta 798. Ripoti yao iliitwa, kwa Kiswahili chetu, kila kinachotembea kitatozwa. Waliona makundi yenye silaha, waliona maafisa wa ngazi za chini wa utawala, na walioonekana kwenye bariere nyingi kuliko kundi lingine lolote walikuwa askari wa jeshi la taifa. Narudia hesabu: Fort Lee, daraja moja, Kivu, bariere 798. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyogeuka kuwa jina ambalo mtu wa Kinshasa, achilia mbali wa Nairobi, angelitambua.

Si kwamba watu wa Kivu hawakutunga maneno. Walitunga, na mengi ni mazuri kupita kiasi, jambo linalonisumbua. Kodi ambayo makundi ya msituni hutoza kila kaya, kwa juma au kwa mwezi, inaitwa lala salama. Ukilipa unapewa jeton, kikaratasi cha kuonyesha ukiulizwa. Askari au polisi anayekusanya barabarani hupeleka sehemu kwa mkubwa wake, na hiyo inaitwa rapportage, kana kwamba ni taarifa ya kazi. Katika maofisi kuna opération retour: pesa zinatoka juu kwa karatasi halali, kisha fungu lake linarudi juu bila karatasi. Na kuna matabishi, neno la zamani kuliko hayo yote. Wareno waliliacha pwani ya magharibi, mata-bicho, muua mdudu, yaani tone la pombe la asubuhi la kumnyamazisha mdudu wa tumboni. Likapanda mto Kongo, likawa bakshishi ya mtumishi wa mkoloni, likawa hongo.

Yatazame maneno hayo pamoja. Usingizi, risiti, taarifa, marejesho, kifungua kinywa. Kila moja ni la utaratibu au la nyumbani. Yanamsaidia mtu aishi, sitayabeza. Mama wa makala hawezi kila siku kuliita jambo hilo wizi wa kutumia silaha na bado akaamka kesho kulipitia tena. Lakini lugha iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvumilia haiwezi kutumika hiyohiyo kushtaki. "Tunalipaka tu," husema motari ukimuuliza, na kile kiambishi cha mwisho, -ka, ambacho Kiswahili chetu hukitumia kwa mambo ya kila siku, hukimeza kisa chote. Kilichofanyika Jumanne fulani, kwa fulani, kwa kiasi fulani, kinageuka kuwa desturi.

Goma iliwahi kupata kisa chenye kila kitu cha kukifanya kiwe na jina. Mwanzoni mwa Februari 2011, ndege ya kifahari aina ya Gulfstream, iliyokodiwa na wafanyabiashara kutoka Marekani, ilitua kwenye uwanja wetu wa ndege. Wakati huo Rais Joseph Kabila alikuwa amepiga marufuku uchimbaji na biashara ya madini katika Kivu zote mbili na Maniema, marufuku iliyotangazwa Septemba 2010 na kuondolewa Machi 2011. Ndege ikazuiwa. Ndani na kandokando yake zilikamatwa zaidi ya kilo 400 za dhahabu pamoja na mamilioni ya dola taslimu. Abiria wakashikiliwa, wakaachiliwa mwishoni mwa Machi baada ya faini ya dola milioni 3. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti yao ya mwaka huo kwamba nyuma ya mauzo hayo alikuwepo Jenerali Bosco Ntaganda.

Ntaganda, wakati huo, alikuwa anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa hati iliyotolewa mwaka 2006 na kuwekwa hadharani 2008. Alikuwa akiishi Goma. Watu walimwona mkahawani na kwenye uwanja wa tenisi. Alikuja kujisalimisha mwenyewe Machi 2013, kwenye ubalozi wa Marekani mjini Kigali, na mwaka 2019 mahakama ya The Hague ikamhukumu kifungo cha miaka 30 kwa makosa ya Ituri ya miaka ya 2002 na 2003. Dhahabu ya uwanja wa ndege wa Goma haikuwamo kwenye mashtaka.

Fikiria vilivyokuwepo: ndege, usiku na mchana wa maulizo, masanduku ya pesa, jenerali, marufuku ya rais, na bila shaka mtu wa zamu uwanjani aliyeandika saa ya kutua. Ingetokea katika mji mwingine, watoto wangejifunza jina lake shuleni. Waulize leo vijana wa Goma waliokuwa na miaka mitano wakati huo. Hawakijui kisa, kwa sababu hatukuwaachia pa kukishikia. Ripoti ipo, kwa Kiingereza na Kifaransa, yenye namba ya Umoja wa Mataifa badala ya jina.

Majirani wamefanya vizuri zaidi, kila mmoja kwa namna yake. Wakenya wana Goldenberg na Anglo Leasing, majina ya makampuni, na wana moja lenye mkia wa Kiingereza kabisa: Chickengate. Hilo lilitokana na barua pepe za kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman ya Uingereza, ambamo hongo kwa maafisa wa uchaguzi wa Kenya iliitwa kuku. Wakurugenzi wawili walitiwa hatiani London Desemba 2014, na pesa zilizorudishwa Kenya kutokana na kesi hiyo zikatumika kununua ambulensi. Watanzania wana Richmond, iliyomwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008, na wana Escrow ya 2014. Ukitamka Richmond mbele ya Mtanzania wa umri wangu huhitaji kueleza. Neno hilo moja linabeba mkataba wa umeme, kamati ya bunge, na mtu mzima akisimama bungeni kutangaza kujiuzulu.

Na sisi Wakongo tunalo moja, ingawa si la Goma: Bukanga Lonzo. Ni mahali, kama Watergate ilivyokuwa mahali, upande wa mashariki wa Kinshasa, ambapo mwaka 2014 serikali ilizindua mashamba makubwa ya kulisha mji mkuu. Wakaguzi wa serikali walisema baadaye kwamba kati ya dola milioni 285 zilizotolewa, zaidi ya milioni 200 hazikufika zilikokusudiwa. Kesi ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, hadi Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilipomhukumu aliyekuwa Waziri Mkuu, Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi ngumu. Anakana. Watetezi wake wanasema ni siasa, na mjadala huo haujaisha. Ninachokitaka kionekane ni jina. Kesi hiyo ilidumu miaka minne, serikali zikabadilika, majaji wakabadilika, na haikuzama, kwa sababu muuza mkate aliyekuwa akisikiliza redio alijua Bukanga Lonzo ni kitu gani. Linganisha na ule mpango wa siku 100 wa mwaka 2019, uliomtia gerezani Vital Kamerhe, mtu wa Kivu ya Kusini, kwa hukumu ya miaka 20 iliyofutwa kabisa miaka miwili baadaye. Jina la kesi hiyo ni idadi ya siku. Nani atailinda idadi ya siku isisahaulike?

Mimi nataka bariere zetu zipate majina ya namna ya Bukanga Lonzo. Haitoshi kusema mahangaiko ya barabarani kwa jumla, kama warsha za mahotelini zinavyosema; kila moja iitwe kwa mahali ilipo. Majina ya mahali hayahitaji kutungwa, wenyeji wanayo tayari, na hayana upole wa lala salama. Magazeti na redio za Goma zikiyatumia, jina la kilima au la daraja likafuatana na kiasi na tarehe, mara kumi, mara ishirini, mwisho litasimama lenyewe. Msomaji wa Bukavu atalijua. Mbunge ataogopa kuulizwa.

Najua gharama ya ninachokisema. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na kabla ya hapo, chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021, waandishi hawakuwa huru kusema kila walichokiona. Mtu wa mkoa huu akinyamaza simlaumu. Ila miongoni mwa waliofanya kazi ya ile ramani ya 2017 walikuwemo watu wa hukuhuku kwetu. Wawili kati ya waandishi wake watatu, Janvier Murairi na Saïdi Kubuya, ni Wakongo, na timu yao ilikusanya taarifa za bariere moja baada ya nyingine, mahali ilipo, nani anaisimamia, kinachotozwa. Kwa macho yangu ni kazi ya Frank Wills, iliyofanywa kwa milango 798.

Ramani hiyo imezeeka. Rubaya, kwenye koltani, ilishikwa na M23 mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwishoni mwa mwaka huo kwamba kodi za huko zilikuwa zinaliingizia kundi hilo dola 800,000 hivi kwa mwezi. Barabara za Masisi na Rutshuru zina wenyewe wapya, bariere nyingine zimeondolewa, nyingine zimehamishwa, viwango ni vingine. Mama wa makala anavijua vyote kwa kichwa, kituo kwa kituo, kutoka kwao hadi sokoni, na atakutajia ukimuuliza.